Tambi za Yokohama Uani Temeke

Mtu wa kwanza kupika rameni, zile tambi za mchuzi za Kijapani, hapa Temeke ni mimi. Nalisema mapema ili asitokee mwingine baadaye akajidai. Siku hizi wajukuu wangu wanararua kifuko, wanamwaga maji ya moto, wananyunyiza unga wa pilipili juu yake, kisha wananiambia, babu, tumepika. Mimi huwatazama tu. Mimi tambi zile nilizikanda kwa unga wa ngano, maji na uzito wa mwili wangu, wakati Mwingereza bado anatutawala na nyumba nyingi za Temeke ni za udongo na makuti. Tena nina diploma ya upishi. Imo kwenye fremu, ukutani sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi yetu. Mke wangu ameshaomba mara nyingi ishushwe chini ya picha. Haishuki.

Sikuzaliwa nayo. Nilitoka Lindi kijana, nikaingia melini kama mwosha sufuria, baada ya vita vikubwa kwisha. Meli yetu ilikuwa ya mizigo, kuukuu, na ilipofika Yokohama mashine yake ikakataa kazi. Tulikaa huko hadi mabaharia wenzangu wakaanza kuoga kila siku kwa kukosa la kufanya. Baridi yake sijaiona tena. Karibu na bandari palikuwa na bwana mmoja mfupi mwenye kibanda cha tambi, kimejaa mvuke, na benchi moja la wateja. Wenyewe siku zile waliziita tambi za Kichina. Hilo jina la rameni limeshika baadaye. Bakuli la kwanza nililila nimesimama, na nilipomaliza nikahisi masikio yangu yamerudi kichwani. Ndani ya mchuzi mlikuwa na mfupa ambao sikuuliza ni wa mnyama gani. Mungu naye hajaniuliza, na mpaka leo tunaheshimiana kwa hilo.

Nikawa mtu wa pale. Nilibeba maji, nikachochea moto, nikatazama. Yule bwana aliweka donge gumu la unga juu ya ubao, akaulaza mwanzi mnene juu yake. Ncha moja ya mwanzi ilichomekwa kwenye tundu la ukutani. Ncha ya pili aliikalia yeye, mguu mmoja huku na mwingine huku, akawa anarukaruka kama mtoto aliyepandishwa punda. Donge likabanwa, likakunjwa, likabanwa tena, mpaka likawa laini kama ngozi ya shavu. Alipogundua kwamba mimi ni mzito kumzidi, akanipandisha mimi na yeye akapumzika. Hivyo ndivyo nilivyosomea. Kitu kimoja tu kilinipita: kabla ya kukanda alimimina maji kutoka chupa ya kijani. Niliona maji, nikayaita maji, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kupanda mwanzi.

Kutoka huko nikafika Uingereza, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni, nikapata diploma. Nilifundishwa kuchemsha kabichi mpaka ikiri makosa yake yote. Nilifundishwa pia kukunja kitambaa cha meza kwa umbo la bata. Kisha nikarudi Dar es Salaam nimevaa koti la sufu katika jua la Februari, na sikulivua mpaka kila mtu niliyemfahamu alipokwisha kuliona. Nikaajiriwa hotelini mjini. Meneja aliisoma diploma yangu kutoka juu hadi chini, akanisifu kwa Kiingereza kizuri, halafu akaniita boi.

Nilipanga chumba Temeke kwa mjane mmoja mwenye moyo mwema na sauti kubwa. Uani kwake ndiko nilikomwona binti mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akimletea nguo zake. Mara ya kwanza alinikuta nimekaa kivulini na koti langu. Akanitazama, akamtazama mama mwenye nyumba, akauliza kama mgonjwa ameshapelekwa hospitali. Nikajua huyu ndiye.

Shida ilikuwa shangazi yake. Baba wa binti alikwisha kufariki, na neno la mwisho lilikuwa kwa dada wa huyo marehemu, mama mmoja mnene, mtulivu, ambaye nusu ya wanawake wa Temeke walifundwa naye kabla ya kuolewa. Alikuwa kungwi, na kungwi hababaishwi na koti. Zaidi ya hayo palikuwa na karani wa boma aliyepeleka posa kabla yangu. Karani alikuwa na baiskeli, kalamu ya wino na desturi ya kukohoa kabla ya kila sentensi kama anayetaka kusoma hukumu.

Nilipoitwa mbele ya yule mama, nilimwamkia, nikakaa jamvini, nikaeleza safari zangu kwa kirefu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na bahari.

"Mwanamume mpishi tumeshamwona," alisema. "Anaitwa boi. Anamenya viazi vya mzungu mchana kutwa, akirudi nyumbani mkewe ndiye anayempikia. Wewe una nini cha zaidi?"

"Nina diploma, shangazi."

"Mie shangazi yake yeye, si wako. Hiyo diploma inaliwa?"

Nikasema inaliwa. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza, kwa maana nilimsimulia tambi za Yokohama, mwanzi, mchuzi na mvuke, na nikaapa kwamba nitampikia zile zile, si za kufanana nazo. Akasema vizuri, atakuja kwangu na shahidi wake mwezi ukiandama. Akila akaridhika, posa yangu itajibiwa. Asiporidhika, karani amekwisha kusubiri vya kutosha.

Binti alizipata habari hizo kabla sijafika nyumbani. Kesho yake alikuja kuleta gauni la mama mwenye nyumba, akasimama mlangoni kama anayehesabu vifungo, akanieleza msimamo wake bila kunitazama.

"Mie ukishindwa sitalia," alisema. "Lakini fikiria. Yule anakohoa kabla hajasema habari za asubuhi. Nitamsubiri mpaka nizeeke."

Nikaanza kazi. Mwanzi mnene niliupata kwa wajenzi, nikaufunga ncha moja kwa kamba kwenye shina la mfenesi uliokuwa uani, nikaweka ubao chini yake. Watu wa mtaa waliponiona nimeupanda mwanzi nikirukaruka, walikusanyika, na mtu mmoja akauliza kwa upole huko Ulaya nilipewa dawa gani. Sikujali. Kilichonisumbua ni tambi zenyewe. Zikiingia kwenye maji ya moto zinavunjika, na zisipovunjika zinayeyuka. Nikaongeza mayai, zikawa chapati za mayai. Nikatia hamira, zikavimba kama vidole vya mtu aliyeumwa na nyuki. Mama mwenye nyumba alikuwa akionja kila sufuria kwa haki kabisa.

"Uji mzuri huu, mwanangu," aliniambia siku moja. "Unampikia nani, mgonjwa?"

Diploma yangu ilikuwa na ukurasa mzima wa sosi za Kifaransa, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Lakini mtu mwenye pua ni mtu mwenye pua. Alasiri moja mama mwenye nyumba alikuwa amebandika kunde kavu, akatupia kipande cha magadi ili ziive upesi, kama afanyavyo kila mtu. Povu likapanda, mvuke ukanifikia nilipokaa. Nikasimama. Ile harufu ya jiwe lililolowa na sabuni kwa mbali, ile ile, ilikuwa inatoka kwenye chupa ya kijani ya Yokohama. Yale hayakuwa maji. Yalikuwa maji ya magadi, au ndugu yake magadi, na mimi nilivuka bahari ngapi kuyafuata huku yanauzwa Kariakoo kwa wapika maharage na wavuta ugoro.

Nilimwomba mama mwenye nyumba kipande. Akanipa, akanionya kwamba ugoro unaharibu meno. Nikakiponda, nikakiyeyusha kwenye maji, nikayaacha yatulie, nikachukua yaliyo safi ya juu. Mara ya kwanza nilizidisha, nikapika tambi zinazotoa povu mdomoni. Mbwa wa jirani alizinusa akahamia upande wa pili wa barabara. Mara ya pili nikapunguza. Donge likawa gumu kama kisigino, likageuka rangi ya manjano ingawa halikuwa na yai hata moja, na chini ya mwanzi likaanza kuteleza. Nikalisukuma kwa mti wa kusukumia chapati, nikalikunja, nikalikata nyembamba kwa kisu. Tambi zikaingia kwenye maji yanayotokota na zikatoka nzima, zinaruka mdomoni. Nilikula peke yangu, nimesimama, kama Yokohama. Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyeniambia. Nilinusa mwenyewe.

Mchuzi ulikuwa rahisi kwa mtu wa cheo changu. Mfupa wa nguruwe sikuutia, maana Temeke si Yokohama na nilitaka kuoa, si kuhamishwa mtaa. Nilichukua jogoo mzee, mifupa ya ng'ombe, tangawizi, vitunguu, na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, niliyemchoma kidogo juu ya makaa. Nilikwenda pwani nikaokota na mwani. Mama mwenye nyumba alipouona kwenye sufuria aliniuliza kama kesho nitapika na nyavu. Sosi nyeusi ya soya niliagiza kwa mabaharia wenzangu, wakaniletea chupa moja kutoka stoo ya meli, na sikuuliza kama stoo ilijua.

Siku ikafika. Mchuzi ulikuwa motoni tangu alfajiri, mayai yamechemshwa, nyama ya ng'ombe imekatwa nyembamba, majani ya vitunguu yamekatwakatwa. Tambi zote, mbichi, nilizitandaza kwenye ungo, nikazinyunyizia unga, nikazifunika kwa kanga. Donge moja kubwa lilibaki bila kubanwa kwa kuwa ungo ulijaa; nikalifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaliweka kando. Tambi za namna hii huchemshwa wakati mlaji ameshakaa, na huliwa hapo hapo. Hazingoji mtu.

Mimi ndiye niliyengoja. Adabu ilitaka niende kuwapokea wageni barabarani, nikamwomba mama mwenye nyumba anitazamie jiko. Nikasimama juani na koti langu. Yule mama alipitia kwanza kwenye nyumba ya matanga, kwani hawezi kupita msiba bila kutoa pole, na alipotokea hatimaye alikuwa na shahidi wake. Shahidi alikuwa karani. Alimleta, alieleza, kwa sababu anasoma Kiingereza, naye angependa ile diploma isomwe na mtu asiye na upande. Nikamwambia karani karibu. Akakohoa, akasema ahsante.

Tulipoukaribia ua nikanusa iliki.

Katika rameni hakuna iliki. Nilizunguka dunia, na popote sijaona rameni yenye iliki. Niliwaketisha wageni jamvini, nikaingia jikoni, nikaukuta ungo mtupu na mama mwenye nyumba anafuta jasho kwa furaha.

"Nimekuokoa, mwanangu," alisema. "Nimeona saa ya wageni imekaribia na tambi bado mbichi. Nikazikaanga kwa samli, nikazitia tui zito, sukari na iliki. Zimekubali vizuri sana."

Pwani yote hii, ukimpa mwanamke tambi bila maelezo, atazitia sukari. Hata mama yangu angefanya hivyo. Nilizipakua kwenye sinia, nikazipeleka kwa wageni, nikasema hizi ni za kuanzia.

Wakala. Karani alikohoa, akasema chakula cha Kijapani kinafanana sana na cha Idi kwao Kisarawe. Kisha akaletewa diploma, akaisoma polepole, akatangaza kwamba humu imeandikwa mwenye diploma hii ameiva katika kupikia watu wengi. Yule mama akaweka mkono pembeni ya sinia.

"Tambi hizi nazijua," alisema. "Ndizo nilizofuturu nazo tangu sina meno. Hiyo diploma ulipewa na mama mwenye nyumba wako?"

Karani akacheka bila kukohoa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaona binti anapelekwa kwa mtu ambaye kumbe hucheka vizuri, ila huficha. Nikasimama, nikavua koti. Mbele ya yule mama nilikuwa sijawahi kulivua.

"Hizo ni za mama mwenye nyumba, mama," nilisema. "Zangu bado hazijazaliwa. Kaeni mtazame zinavyozaliwa."

Nikalitoa donge kwenye kitambaa, nikaliweka kwenye ubao chini ya mfenesi, nikaupanda mwanzi. Nikaanza kuruka. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo hudhani ni miguu. Si miguu, ni kiuno. Unakaa, unajiinua, unajishusha, mwanzi unasogea kidogo kidogo kutoka ukingo mmoja wa donge hadi mwingine, halafu unashuka, unalikunja, unapanda tena. Shati likanigandia mgongoni. Nyuma ya ua wa makuti nikasikia mtu anacheka kicheko cha kujibana, na nilikifahamu kicheko hicho.

"Aliye nyuma ya ua arudi nyumbani," alisema yule mama bila kugeuka.

Kicheko kikakoma. Hatua za kuondoka sikuzisikia.

Karani alitoa maoni kwamba, kwa mtu aliyesoma Uingereza, jambo hili si la heshima. Watoto wa mtaa walikwisha kujaza mlango. Mama mwenye nyumba alijificha uso kwa kanga. Mimi nikaendelea, kwa sababu donge lilikuwa bado gumu, na donge halijali nani anacheka. Yule mama peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini akanitazama kwa utulivu wa fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. Kisha akamgeukia karani.

"Baba, wewe kazini unakaa?"

"Nakaa, mama. Kiti changu kinazunguka."

"Siku nzima?"

Karani akakohoa, akakiri kwamba ni siku nzima.

"Mie nimefunda wasichana wengi," yule mama akasema, "na nimerudishiwa wengi wanalia. Huyu kijana ana kiuno cha kazi. Hachoki, anachekwa na watoto, na hajamtukana mtu. Mwacheni amalize."

Nilimaliza. Nikasukuma, nikakunja, nikakata, nikachemsha, nikawamiminia mchuzi kwenye mabakuli, kila mtu lake. Hapo tukapata mgogoro mwingine, kwani yule mama alitaka vyote vimiminwe kwenye sinia moja watu wale pamoja kama watu, tena vipoe. Nikamwambia hapana. Nilimkatalia kungwi wa Temeke mbele ya mashahidi, nikamweleza kwamba chakula hiki huliwa kikiwa moto, kila mtu na bakuli lake, tena huvutwa kwa sauti, na kule Yokohama asiyetoa sauti anamtukana mpishi. Alinitazama kama niliyemwambia atembee bila kanga. Halafu akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akainama, na kutoka nyuma ya kanga ile ikatoka sauti moja ndefu ambayo bwana wa kibanda cha Yokohama angeipigia makofi. Karani alikata tambi zake kwa kijiko vipande vipande. Sikumsaidia.

Yule mama alipomaliza, aliliinua bakuli akanywa hadi chini. Akajifuta, akauliza kama mchuzi umebaki wa kupeleka nyumbani. Nikasema umebaki, mama.

"Niite shangazi," alisema. "Na siku ya kuleta mahari uje na huo mwanzi. Wapo wanaume wa ukoo wetu ninaotaka wauone."

Niliupeleka. Ulibebwa mabegani na mabaharia wawili, umefungwa utepe mwekundu, na watu wa Temeke walitoka nje wakidhani ni mlingoti wa bendera ya Gavana.

Tumekaa pamoja maisha marefu sasa, na jambo moja hatujakubaliana. Mimi husema posa ile ilijibiwa na mchuzi, magadi na elimu yangu. Mke wangu, ambaye aliyaona yote kupitia tundu la makuti, husema shangazi alikwisha kuamua kabla maji hayajachemka, na kwamba tambi angeweza kulishwa hata mbichi. Mwanzi ameufanya wa kuanikia nguo. Nikitaka kupika rameni inabidi kwanza nianue mashuka, nami hufanya hivyo, kwa kuwa si tambi za kifuko hizi. Nikishampakulia, huvuta mchuzi kwa sauti mpaka zibaki tambi tupu, husema umeiva vizuri baba, kisha huinuka kwenda kabatini, na hurudi na kopo la sukari.